Re: Thanksgiving bila bata mzinga, inawezekana?
Dada, umeuliza kama watu wanne mnaweza kula Thanksgiving, ile sikukuu ya Marekani ya kutoa shukrani inayoangukia Alhamisi, bila bata mzinga wake wa desturi. Mbona wengi tu hufanya hivyo! Mimi hapa Columbus, Marekani, huoka kuku wawili waliolala usiku kucha kwenye mtindi, tangawizi na kitunguu saumu. Ngozi inakauka vizuri na nyama haiwi kama pamba. Ukiitaka ladha ya bata mzinga hasa, nunua kidari tu, uoke hadi ndani ifike nyuzi 74 za Selsiasi. Mabaki yaingie friji ndani ya saa 2, yaliwe kabla ya siku 4 kupita. Na mifupa usitupe jamani! Ichemshe na iliki, karafuu na mdalasini, halafu supu hiyo uipikie pilau Ijumaa, wenzako wakiwa kwenye foleni za madukani kufuata punguzo la bei la siku hiyo. Ile sosi ya Thanksgiving ya kranberi, vile vitunda vyekundu vichachu, mimi huila na pilau hilohilo. Usinicheke.