Nyie intani, madaktari wa mafunzo, mnaosema mtoto wa mama mwenye homa ya ini B "si kashapata tumboni", njooni hapa

Jana kwenye ripoti ya asubuhi intani kasimama kasoma vizuri tu, mama wa kitanda cha nne, HBsAg pozitivu, yaani ana kirusi cha homa ya ini B, kajifungua saa saba usiku, mtoto kilo tatu, kalia hapo hapo. Nikauliza, chanjo? Akasema "ataanza na penta wiki ya sita, na hata hivyo dokta, plasenta si imeshapitisha?" (Penta ni ile chanjo ya mseto, hepa B imo.) Nikacheka, halafu tumbo likanikata, maana hayo maneno nimeshawahi kuyasema mimi kwa mdomo huu huu. Basi leo nawaandikia, atakayenuna anune.

1. Kadi ya kliniki isome mwenyewe. Kuna watu wanaandika R (pozitivu) na NR (negativu) utadhani kuku kapita na miguu ya tope, na pale kwenye homa ya ini pakiwa patupu maana yake hajapimwa, sio kwamba ni negativu, pima hapo hapo leba. Na mkimwelezea mama semeni homa ya INI. Kuna mwenzenu alisema homa ya manjano, mume wa watu akaenda kuhangaikia ile kadi ya njano ya wasafiri.

2. Hii ndo iliyonikalisha hapa. Nilikuwa intani, mwezi wangu wa pili leba, najiona professa. Mama uzao wa kwanza, pozitivu, kajifungua salama. Baba kasimama mlangoni na hela mkononi, anasema dokta, kliniki walitwambia mtoto achomwe chanjo siku ya kwanza, hapa nimeambiwa haipo, nikimbie nikanunue? Jibu lilikuwa neno moja tu, kimbia. Mimi nikachukua boksi la glovu, nikalichana, nikamchorea plasenta na mishale, damu ya mama inaingia huku, ya mtoto huku, kirusi kimevuka miezi yote tisa, sindano ya leo haibadilishi kitu, msipoteze hela, subirini penta ya wiki ya 6. Akanishukuru jamani. Akarudisha hela mfukoni akanishukuru.

Sasa sikilizeni, karibu kila mshale niliochora ulikuwa uongo. Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki kwenye plasenta. Ni kweli kuna watoto wanaopata tumboni, hasa mama akiwa na e-antijeni, ile protini ya kirusi inayoonyesha kinazaliana kwa kasi, na vairo lodi, yaani wingi wa kirusi kwenye damu, iko juu, au plasenta ikivujisha kama pale mimba inapotishia kutoka, lakini hao ni wachache. Wengi wanapata siku ya kuzaliwa, kwenye damu na majimaji ya njia ya uzazi, ndo maana chanjo ndani ya saa 24 inawahi, na imunoglobulini, kinga iliyotengenezwa tayari, ikipatikana mchome ndani ya saa 12 paja la pili. Bila chochote, mama mwenye e-antijeni anaambukiza watoto 70 mpaka 90 katika kila 100. Na mtoto mchanga akipata, 9 kati ya 10 kirusi kinabaki nao maisha, wakati mtu mzima hata 5 katika 100 hawafiki. Hiyo e-antijeni yenyewe inavuka plasenta, kinga ya mtoto inaizoea toka tumboni, kirusi kikija kinapokelewa kama mjomba.

Mtoto akapimwa ana miezi kumi. Pozitivu. Kwa bahati mbaya au nzuri, siku hiyo niliyekuwa chumbani ni mimi. Baba hakufoka, angefoka ningepata nafuu. Alitoa simu akanionyesha picha, ni lile boksi la glovu, alikuwa amelipiga picha ili asisahau maelezo. Akaniuliza kwa upole kabisa, "dokta, ndo hivi ulivyosema, sio?" Inawezekana yule mtoto kweli alikuwa kwenye wale wachache wa tumboni na sindano isingemsaidia. Sitajua. Kuna usiku najifariji na hilo, halafu nakumbuka ile mishale, niliichora na peni nyekundu kabisa ili aelewe.

3. Anyonyeshe, nikisikia tena mtu kampa mama kopo la maziwa kisa hepa B tutagombana.

4. Vairo lodi ikifika 200,000 IU kwa mil, au e-antijeni ikiwepo, tenofovia, dawa ya kushusha kirusi, ianze trimesta ya pili, na mama aliye kwenye TLD, kidonge cha VVU, tayari anayo humo ndani, msimrundikie.

5. Hepa B peke yake sio sababu ya kumzalisha mama kwa kisu.

6. Damu ya kitovu msiipeleke maabara kumpima mtoto, haisemi kitu, msubirini kuanzia miezi 9. Na nyie wenyewe mmemaliza dozi tatu za chanjo ya hepa B? Nani kamaliza? Naona mnaangalia chini.

7. Chanjo hii inakaa nyuzi 2 mpaka 8, ikiganda imekufa, msiitupie frizani karibu na barafu. Hapa mwalimu wangu ni yule yule mama wa namba 2. Alirudi na mimba nyingine, safari hii tenofovia kameza bila kuruka siku, na uchungu ulipomshika kaingia leba na mkoba wa nguo mkono mmoja, mkono mwingine chupa ya chai. Nikajua uji. Akaifungua, ndani barafu, juu ya barafu kipande cha khanga kimekunjwa mara nne, ndani ya khanga kichupa cha chanjo. Nikaanza kumwambia mama, barafu inaiharibu, akanikata: "Najua dokta, ndo maana nimeweka khanga, isiguse. Niliuliza duka la dawa." Hakuniuliza mimi. Mtoto alichomwa hata kondo halijamaliza kukaguliwa.