Maswali ya Nyumba: Vinaili Juu ya Sakafu za Mombasa

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: vigae vya vinaili, vile ambavyo kwenye maboksi huandikwa LVT na madukani husifiwa kuwa ni vinaili ya kifahari. Neno hilo la ufahari lisimbabaishe mtu, kwa maana ni jina la biashara tu, la kutofautisha vigae vinene vyenye picha ya mbao au jiwe na ile vinaili nyembamba ya kukunja inayouzwa kwa mita, ambayo wauzaji wengi huiita mkeka wa mbao. Kigae chenyewe kina matabaka: chini ni sehemu inayokalia sakafu, juu yake kiini cha plastiki ya PVC iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, kisha picha iliyochapishwa, na juu kabisa tabaka angavu linalopokea nyayo, mchanga na miguu ya viti. Barua nimezifupisha.

SWALI: Bwana Mwandishi, salamu. Tunamalizia nyumba ya chini huku Kisauni, na sebule ina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3.5. Duka moja linaniuzia kigae cha milimita 8 na kuniambia kwamba unene ndio uimara. Duka la pili lina kigae cha milimita 5, lakini wanasema ni cha "mil 20" na bei yake iko juu zaidi. Nina watoto wanne, na barabara yetu ni mchanga mtupu. Nichukue kipi, na ninunue kiasi gani?

JIBU: Mama, unene wa kigae na unene wa tabaka lake la juu ni vitu viwili, na muuzaji wa kwanza amekueleza kimoja akanyamazia kile chenye maana zaidi. "Mil" si milimita, bali ni sehemu moja ya elfu ya inchi, kwa hiyo mil 20 ni takriban nusu milimita, na mil 12 ni kama milimita 0.3. Tabaka hilo jembamba ndilo umri wa sakafu yako, kwa sababu likishalika, picha ya mbao hukwanguka, na kigae cha vinaili hakipigwi msasa wala vanishi kikarudi upya kama ubao wa mninga. Chumba cha kulala kinatoshwa na milimita 0.3. Sebule ya watoto wanne kwenye mtaa wa mchanga ningeiwekea 0.5 bila kusita, hata kama kigae kizima ni chembamba kuliko kile cha jirani, kwani mchanga unaoingia na viatu hufanya kazi ya msasa kila siku, na desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni huilinda sakafu kuliko dawa yoyote ya kung'arishia. Tazama pia daraja la matumizi kwenye boksi: 21 hadi 23 ni ya nyumbani, 31 hadi 34 ni ya maduka na ofisi, na kigae kilichoandikwa 23 na 33 kwa pamoja kinakufaa. Duka likishindwa kukuonyesha maelezo hayo kwa maandishi, usilinunulie.

Kuhusu kiasi, sebule yako ni mita za mraba 14, na ukiongeza asilimia 10 kwa ajili ya vipande vitakavyokatwa utapata 15.4. Tuseme boksi moja linafunika mita za mraba 2.2: utahitaji maboksi 7. Yanunue yote siku moja na uhakikishe namba ya toleo ni ile ile, maana rangi hupishana kidogo kati ya toleo na toleo, na tofauti ambayo huioni chini ya taa za duka utaiona asubuhi ya kwanza dirisha likifunguliwa.

Jambo la mwisho ni subira. Tabaka la saruji la kusawazishia sakafu, ambalo mafundi huliita skridi, hukauka kwa makadirio ya milimita moja kwa siku hadi unene wa milimita 50, na likizidi hapo hukauka polepole zaidi. Hesabu hiyo ni ya hali nzuri ya ukaukaji, nayo hewa ya Kisauni msimu wa mvua si hali nzuri. Fundi akikwambia kwamba wiki mbili zinatosha kwa sababu "imeshakuwa ngumu," mwambie kwamba ugumu na ukavu ni habari mbili.

SWALI: Assalaam alaikum. Mimi ni mzee wa Tudor, na nyumba yangu ilijengwa miaka ya 1960 ikiwa na sakafu nyekundu ya saruji, ambayo marehemu mke wangu alikuwa akiipaka nta kila mwezi. Mwaka jana wanangu walibandikisha vigae vya vinaili juu yake. Mvua za masika zilipofika, pembe za vigae zilianza kuinuka, gundi ikatoka kwenye maungio ikiwa laini na yenye harufu, na sasa rangi ya ukuta inabambuka kwa chini na kutoa unga mweupe. Fundi asema gundi ilikuwa mbovu, muuzaji asema fundi ndiye mbovu. Je, vinaili si huambiwa haidhuriki kwa maji?

JIBU: Waalaikum salaam, mzee wangu, na shikamoo. Ni kweli kwamba kigae cha vinaili hakiozi wala hakivimbi kwa maji, lakini ahadi hiyo inahusu kigae chenyewe na maji yanayomwagika juu yake. Maji yako yanatoka chini. Nyumba nyingi za umri huo zilimwagiwa zege moja kwa moja juu ya ardhi bila karatasi ya plastiki ya kuzuia unyevu, na zege, kwa ugumu wake wote, ina vitundu vingi vinavyopitisha mvuke. Kwa miaka hamsini na zaidi unyevu wa ardhini ulikuwa ukipanda, ukitoka kwenye uso wa sakafu nyekundu na kupotea hewani, na hakuna aliyeuona. Vinaili haipitishi mvuke. Ilipobandikwa, sakafu ilifunikwa kama sufuria ya wali, na unyevu uliokosa njia ya juu ukajikusanya chini ya vigae na kukimbilia kuta.

Unyevu huo hubeba chumvi na ukali wa saruji, na ukali huo ndio unaoivunjavunja gundi mpaka ikalainika na kunuka. Unga mweupe ukutani ni chumvi hiyo hiyo, iliyobaki maji yalipokauka. Juu ya hayo, nta iliyopakwa miaka yote hiyo haikuondolewa, kwa hiyo gundi ilishika nta badala ya kushika saruji. Hivyo gundi huenda ilikuwa nzuri tu. Kosa ni kwamba hakuna aliyeipima sakafu kabla ya kuifunika, na kwa maoni yangu lawama hiyo inamwangukia aliyelipwa kuijua kazi, si wewe wala wanao.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Chukua kipande cha plastiki angavu chenye upana na urefu wa kama sentimita 45, kibandike kwenye saruji tupu kwa utepe pande zote nne, na ukiache kwa saa 16 au zaidi. Ukikuta matone ya maji chini yake, au saruji imekuwa nyeusi kuliko ya pembeni, sakafu ina unyevu. Kutokuona kitu si hati ya usalama, kwa sababu kipimo hiki hakifiki ndani ya zege. Kazi kubwa hupimwa kwa kutoboa sakafu na kuingiza kifaa kinachosoma unyevu ndani yake, na gundi nyingi huwa na kikomo kati ya asilimia 75 na 85 ya unyevu wa hewa iliyo ndani ya vitundu vya zege, ambacho huandikwa kwenye mkebe wake. Ningependa upime wakati wa masika na si mwezi wa Februari, wakati kaskazi imeshakausha kila kitu na kila sakafu inaonekana njema.

Kabla ya kutumia pesa ndani, zunguka nje. Angalia kama ardhi au lami ya barabara imepanda ikawa juu kuliko sakafu, kama maji ya paa yanamwagika kwenye msingi, na kama tangi au bomba linavuja kando ya ukuta. Ukishayatengeneza hayo, njia zipo tatu. Ya kwanza ni kung'oa vigae, kusaga gundi na nta mpaka saruji tupu, kisha kupaka kizuizi cha epoksi, yaani utomvu wa plastiki wa mikebe miwili inayochanganywa ukawa mgumu, kabla ya kubandika upya. Ni kazi ghali na haisamehe fundi mzembe. Ya pili ni kutumia vigae vya kupachikana visivyohitaji gundi, vikalala juu ya karatasi ya plastiki ya geji 1000, yaani unene wa kama robo milimita, lakini hiyo itaokoa vigae huku kuta zikiendelea kunywa maji. Ya tatu ndiyo ambayo ningeifanya ningekuwa mimi: kuondoa vinaili yote, kuiacha sakafu ipumue msimu mzima, na kuirudishia sakafu nyekundu nta yake. Sakafu iliyodumu tangu miaka ya 1960 haikuwa na kosa la kubadilishiwa.

SWALI: Nyumba yetu ya Mji wa Kale ni ya ghorofa, kuta za mawe ya matumbawe na dari ya boriti. Nataka kuweka vinaili chumba cha juu badala ya vigae vya kauri, kwa kuwa nimeambiwa ni vyepesi. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli, dada. Kigae cha vinaili chenye kiini kigumu cha unga wa mawe na plastiki, kile kinachoandikwa SPC, kikiwa na unene wa milimita 5 kina uzito wa takriban kilo 10 kwa mita ya mraba, ilhali kauri ikilazwa juu ya sentimita 3 za saruji yaweza kupita kilo 70. Boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya chokaa kwa vizazi hazistahili kuongezewa mzigo huo.

Hata hivyo wepesi si hoja pekee. Sakafu za boriti huwa na mawimbi na hutikisika mtu anapotembea, na vigae vya kupachikana vinataka sakafu iliyonyooka: watengenezaji wengi hukubali tofauti ya kama milimita 3 kwa kila mita 2, si zaidi. Pale penye bonde, ulimi wa kigae, yaani ule ukingo unaopachikwa kwenye mwenzake, hukunjwa kila unapokanyagwa mpaka uvunjike. Usikubali bonde hilo lijazwe kwa saruji nzito, kwani utakuwa umeurudisha ule ule uzito ulioukimbia. Mwite kwanza mtu anayezifahamu nyumba za boriti akague vichwa vyake pale vinapoingia ukutani, ambapo mchwa na maji ya paa huanzia. Kama boriti ni nzima na sakafu ni kavu, vigae vyembamba vya kubandika hufuata mawimbi madogo vizuri kuliko vile vigumu. Chumba cha kuogea kisiguswe na mpango huu: vinaili si kizuizi cha maji yanayomwagwa kwa ndoo, na maji yakipenya kwenye maungio yatazifikia boriti kabla hujayaona.

SWALI: Nina fleti Nyali yenye madirisha makubwa yanayoelekea bahari. Naishi ng'ambo, na fleti hufungwa miezi mingi bila kiyoyozi. Vigae vya kupachikana niliyoviweka vimeinuka katikati kama hema. Vimeharibika?

JIBU: Ndugu, huenda havijaharibika, ila vimekosa nafasi. PVC hutanuka kwa joto, na jua la asubuhi likipita kwenye kioo cha nyumba iliyofungwa huipasha sakafu kuliko hewa ya nje. Toa skatingi za pembeni utazame: panatakiwa kuwa na mwanya wa milimita 8 hadi 10 kati ya vigae na ukuta, kuzunguka chumba chote. Ninashuku utakuta vimegusa ukuta, au makabati ya jikoni yamefungwa kwa skrubu juu yake, jambo ambalo huizuia sakafu nzima isicheze. Fundi akikata pembeni, vingi vitalala vyenyewe. Vigae vya SPC hutanuka kidogo kuliko vile laini, lakini hakuna kisichotanuka, kwa hiyo pazia zito lifungwe kila unapoondoka.

SWALI: Nyumba ya zamani niliyopanga Changamwe ina vigae vidogo vyeusi, vigumu na vinavyovunjika, vya inchi 9 kwa 9. Naweza kuvikwangua niweke vipya?

JIBU: Usivikwangue. Vigae vya vinaili vya kipimo hicho vilivyotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 mara nyingi vilitiwa asbestosi, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu, na hata gundi nyeusi iliyo chini yake yaweza kuwa nayo. Vikiwa vizima na vimeshika havitoi vumbi, bali hatari huja vinapovunjwa, kusagwa au kupigwa msasa vikiwa vikavu. Mwambie mwenye nyumba kwa maandishi, na mpaka vipimwe, vifunike tu bila kutoboa.

SWALI: Kaa la chetezo lilianguka likatoboa kigae kimoja sebuleni. Kuna dawa?

JIBU: Dawa ni kigae kingine, bibie. Vinaili hulainika kwa joto, na hata sufuria iliyotoka motoni ikiwekwa chini huacha alama. Chetezo kiwekwe juu ya sinia ya shaba, na si juu ya mkeka wenye mgongo wa mpira, kwa kuwa mpira nao huacha doa la manjano lisilofutika. Kama vigae vyako ni vya kubandika, fundi atakipasha moto kile kibovu aking'oe na kuweka kipya kwa nusu saa. Kama ni vya kupachikana, itabidi afungue safu zote kutoka ukuta ulio karibu. Tafuta boksi lililobaki stoo, na kabla ya kulitupa, iandike mahali namba ya toleo iliyo ubavuni mwake.