Mama wa Nakuru, huyo mvulana usimfanye msindikizaji

Salamu kutoka Kisumu. Kwa waliochelewa kufika: mama mmoja wa Nakuru ana binti wa miaka tisa aliyeng'ara kwa shairi kwenye tamasha za shule, akapata tangazo la televisheni, na sasa wenye tangazo wanamtaka kwa mengine. Kakake wa Gredi ya 8 amenuna. Tangazo likitokea anaondoka sebuleni. Mama anauliza amfanyeje, na wengi mmemjibu kwamba ni wivu, utapita, ampe kazi ya kumsindikiza dadake ili naye ajione wa maana.

Hapo kwa kusindikiza ndipo nina neno, maana kazi hiyo nimeifanya.

Mdogo wangu alianza kuimba injili akiwa na miaka minane. Sauti alikuwa nayo, hilo halina ubishi. Tukawa tunaitwa kwenye mikutano, leo Siaya, wiki ijayo Kericho. Mimi ndiye niliyebeba begi: gauni mbili za kumetameta, viatu vyeupe vilivyofungwa kwa gazeti, flashi yenye biti zake, chupa ya maji ya tangawizi. Kazi kubwa ilikuwa kumwamsha. Saa tano usiku amejikunja juu ya viti viwili vya plastiki nyuma ya spika, MC anaita jina, namwosha uso upesi upesi, anapanda jukwaani na kuruka utadhani amelala mchana kutwa. Watu wanalia, wanamtuza noti. Akishuka, swali lake ni moja tu: umeniwekea chapati?

Sehemu hiyo niliipenda, nisiwadanganye. Mambo yaliharibika pesa zilipoingia kati yetu.

Nikiwa kidato cha pili, baba alipoteza kazi. Mama akazihesabu zile bahasha mezani sote tukiona, akatenga za unga, akatenga za stima, fungu lililobaki akanisogezea. "Hii ni karo yako. Mshukuru dada yako." Nikamshukuru. Tangu jioni ile sikuweza tena kumwambia nenda kaoge au zima taa ulale. Unamwamrishaje mtu anayekulipia shule? Naye alilijua hilo, mtoto wa miaka kumi. Kuna Ijumaa alikuwa na homa, koo limevimba hata mate hayapiti, akanishika mkono akanisihi nisimwambie mama, kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa Jumanne. Alikuwa amepiga hesabu ya karo yangu.

Mnaosifu uaminifu wa ndugu kwenye sanaa, huo ndio wenyewe, na mtoto hafai kuubeba.

Wanaopenda mifano ya mbali wawaangalie Jackson 5, lile kundi la ndugu waimbaji kutoka Gary, Indiana, Marekani. Mwaka wa 1975 walipoamua kuihama Motown, kampuni iliyokuwa ikitoa nyimbo zao, Jermaine alibaki, kwa kuwa alikuwa amemwoa binti wa mwenye kampuni, Berry Gordy. Randy akachukua nafasi yake, na hata jina la kundi wakaliacha nyuma wakawa The Jacksons. Kuna wanaomwita Jermaine msaliti hadi leo. Mimi nasema kijana aliambiwa achague kati ya baba na baba mkwe, na lawama iende kwa waliochanganya nyumba na mkataba.

Kuhusu pesa, yupo Jackie Coogan, aliyeigiza na Charlie Chaplin mwaka wa 1921 akiwa mtoto mdogo. Alipokuwa mtu mzima aligundua kwamba mamaye na baba wa kambo walikuwa wametumia karibu mali yake yote. Akawashtaki mwaka wa 1938, na mwaka uliofuata California ikatunga sheria. Siku hizi sheria hiyo inataka asilimia 15 ya mapato ya mtoto iwekwe kando kwa jina lake.

Kwa hiyo mama, kwenye kurekodi aende mtu mzima: wewe, baba yao, au shangazi asiyeogopa kumwambia mwelekezi kwamba mtoto amechoka twende nyumbani. Fungua akaunti ya mtoto kwa jina lake. Mambo yakikaza na mkalazimika kuchukua humo, iwe deni lenu wazazi, liandikwe daftarini, na kakake asisikie kamwe kwamba karo yake imetoka kwa dada. Kununa mwache anune. Si lazima ashangilie. Jumamosi moja moja iwe yake, mpeleke mpirani, na jina la dada lisitajwe njiani.

Jambo la mwisho, nashangaa hakuna aliyeligusa: Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, na wa miaka 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomzuilia masomo. Binti yako ana tisa. Kabla hujatia sahihi popote, wakili akueleze hayo "mengine" wanamchukulia kwa masharti gani, na saa ngapi. Wakikuletea karatasi, funika majina uziweke hapa, wanasheria humu wapo. Uangalie hasa kipengele cha muda, na nani ataimiliki picha yake akishakua.