Kwa mnaoanza kutoa ushauri wa madeni hapa Moshi

Karibuni. Usitegemee mtu aje na swali la sheria. Atakuja mama anayeuza soko la Mbuyuni, asalimie vizuri, kisha aseme: "Naomba mnisaidie nipate mkopo mwingine nilipe huu." Usimkatalie papo hapo, wala usimhubirie. Mwombe atoe karatasi zote alizo nazo, hata risiti iliyochakaa.

Anza na kijitabu cha marejesho. Tuseme kimeandikwa laki tatu. Muulize: mkononi ulipewa ngapi? Mara nyingi utasikia 280,000, kwa sababu "fomu" ilikatwa hapo hapo. Anarejesha 15,000 kila siku kwa siku 30, yaani 450,000. Sasa mwandikie pembeni, kwa mkono wako, kiwango cha Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana: riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu ni 10,500. Mwachie karatasi hiyo aende nayo, maana nyumbani kuna mume au mtoto mkubwa atakayetaka kuelezwa.

Ila msimwambie kuwa deni limekufa. Hela aliipokea. Tunachobishania ni riba, faini na namna ya kudai. Muulizeni mkopeshaji leseni yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo. Kama ni mkopo wa kwenye simu, hakikisheni jina la programu: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Wakianza kumtumia shemeji yake na mchungaji ujumbe wa kumwaibisha, ahifadhi kila ujumbe. Hasira zitamshawishi aufute.

Mwalimu au mstaafu muulize kadi yake ya benki iko wapi. Wengi huona aibu kusema kwamba kadi na namba ya siri viko kwa mkopeshaji. Hapo barua kwa mkopeshaji isubiri: kwanza aende tawini, kadi ifungwe, apewe nyingine. Ukitanguliza barua, mshahara utatolewa kabla haijajibiwa.

Kihamba (shamba la familia lenye makazi) au nyumba ikiwa imewekwa rehani, tafuta sahihi ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya familia kuwekwa rehani bila ridhaa yake. Hilo mpelekee wakili siku hiyo hiyo, usilipambanie mwenyewe.

Ukimaliza madeni, uliza haki zake. Aliyeachishwa kazi huenda ana fao la kukosa ajira NSSF na hajui. Aliyeacha kwa hiari yake hana. Kaya yenye hali ngumu ielekezwe kwa mtendaji wa mtaa kuhusu TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, lakini usiahidi jina litaingia. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri hutolewa kwa vikundi na haina riba, na wateja wataitaja wenyewe. Mimi simpeleki huko mtu anayedaiwa kausha damu, yaani mkopo wa riba kubwa kama huo wa mama wa Mbuyuni. Hela ya kikundi itaishia kwa mkopeshaji, na wenzake ndio watakaolipa.

Barua kwa mkopeshaji iwe na nakala, igongwe mhuri wa kupokelewa. Akikataa kuipokea, rudi naye mwenyekiti wa mtaa, aandike jina na tarehe nyuma ya nakala.