Kabla hujauza gitaa kavu, taja spika yako

Mkuu, simama hapo hapo. Usiuze hilo gitaa kavu, wala hiyo banjo. Umeandika kwamba unataka Variax iliyotumika, lile gitaa la Line 6 linaloiga sauti za ala nyingine, uichomeke kwenye ampu yako ya valvu, upate nyuzi 12, banjo na sitari kwa mpigo mmoja. Nimesoma nikasonya, maana na mimi niliuona mpango huo huo kuwa wa akili kuliko yote niliyowahi kupanga.

Aliyeniuzia alinivalisha hedifoni. Nikapiga kodi ya G kwenye sauti ya akustika, mwili ukasisimka: nyuzi nene zinanguruma, nyembamba zinametameta, unasikia hadi kucha ikigusa waya. Nikamuuliza, itakubali ampu yangu? "Ampu yoyote tu, bosi wangu." Bosi akaenda kuuza gitaa kavu.

Nilipochomeka kwenye ampu, akustika ikawa gitaa la umeme lenye mafua. Sitari ikatoka kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo. Nikaamini nimeuziwa kitu kibovu. Nikanunua ikwalaiza ya kukanyaga, nikapandisha treble hadi mwisho. Nilichoongeza ni mikwaruzo. Wenzangu kwenye bendi wakawa wananiuliza kwa heshima zote, "Hiyo banjo inakuja lini?"

Gitaa lilikuwa zima. Kwenye daraja lake kila uzi una pikapu yake ya piezo, yaani kinasa mtikisiko, na kompyuta iliyo ndani ya mwili inachukua mawimbi ya kila uzi peke yake na kuyapa tabia ya ala nyingine. Ukichagua akustika, kinachotoka kwenye jaki ni sauti iliyokwisha kupikwa, mithili ya gitaa kavu lililowekewa maiki. Sasa spika ya kawaida ya ampu ya gitaa, ile ya inchi 12, haina twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Sauti zikishapita takriban kHz 5, inaporomoka. Kwa gitaa la umeme hiyo ni neema, kwa sababu inachuja ukali wa distoshoni. Lakini mng'aro wa gitaa kavu, ile kucha, ule mlio wa chuma wa banjo, sehemu kubwa iko huko juu. Ikwalaiza haiwezi kuilazimisha spika itoe kisichokuwa na njia ya kutoka. Na ampu yenyewe ina rangi yake, inaipaka juu ya kila unachoipa.

Hedifoni hazina kizuizi hicho, ndiyo maana nilipojaribu nilikaribia kulia kwa furaha. Yule bwana kama hakujua, alikuwa anauza nini? Na kama alijua, Mungu anamwona. Maelezo ya sentensi mbili tu yangeniachia gitaa langu, lakini sentensi zake zote alizimalizia kwenye "bosi".

Aliyenitoa gizani ni mpiga besi wetu. Alichoka kunisikia nikilalamika, akanyang'anya waya akauchomeka kwenye miksa. Banjo ikatoka kwenye spika za PA, zile za ukumbini, kali, kavu, mpaka mpiga ngoma akageuka. Sikusema kitu, nikajifanya natafuta pleki.

Kwa hiyo spika ya masafa kamili, inayotoa sauti za chini hadi za juu kabisa, kwanza, gitaa baadaye. Spika ya PA, monita ya jukwaani, au moja kwa moja kwenye miksa. Ampu yako ya valvu usiitupe: sauti za magitaa ya umeme zipeleke huko, za akustika zipeleke PA, kwa kisanduku cha A/B cha kukanyaga, kile cha kuchagua njia. Kama huna spika hiyo na huna mpango nayo, baki na banjo yako, mkuu. Siyo dharau.

Ulitaja pia kubadilisha tuni kwa kitufe. Inafanya kazi, ila siyo chumbani kwa sauti ndogo: nyuzi halisi zinalia E, spika inalia D, na masikio yako yapo katikati.

Zamani au mpya? Matoleo ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayana pikapu za sumaku kama za gitaa la kawaida la umeme, kwa hiyo umeme wa ile kompyuta ya ndani ukikata, kimya. Zile za baadaye, zilizobuniwa na fundi magitaa James Tyler, zinazo, angalau utamaliza wimbo. Maswali yako ya shingo na nyuzi watakujibu wengine. Wewe piga picha ya nyuma ya hiyo ampu, iweke hapa, tuone spika iliyomo kabla hujapokea hela ya mtu.