Gari Lilikuwa Bluu

Wiki hii mmeuliza: ikiwa ubongo wa binadamu unafanana na intaneti, je, sheria nayo iuchukulie hivyo? Swali limenigusa pabaya, kwa sababu nimewahi kuwa shahidi mahakamani.

Niliona gari likimgonga mwendesha baiskeli. Miezi minane baadaye nikala kiapo na kusema gari lilikuwa jeupe. Sikubahatisha, nilikuwa naliona kabisa. Wakili wa utetezi akanipa picha yenye muhuri wa kielelezo, kona moja imekunjika. "Shahidi, gari hili ni la rangi gani?" Bluu. Bluu iliyokoza, si ya kuchanganya na nyeupe. Nikafumba macho, na gari la kichwani mwangu likabaki jeupe vilevile. Majeruhi alikuwa ameketi mbele yangu, magongo yake yameegemezwa ukutani. Hakimu aliandika jibu langu bila kuinua kichwa. Usiku ule ndipo nikakumbuka kwamba siku ya ajali kuna mtu alikuwa akipaza sauti, "Lile jeupe! Lile jeupe!" Pengine alikuwa akionyesha gari jingine. Nadhani sauti yake ndiyo iliyolipaka rangi gari langu.

Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya ajali ya magari. Walioulizwa kasi ya magari hayo kwa neno lenye maana ya kugongana kwa kishindo walitaja mwendo mkubwa kuliko wenzao walioulizwa kwa neno la upole, na wiki moja baadaye waliosema waliona vioo vilivyovunjika walikuwa wengi zaidi miongoni mwao kuliko miongoni mwa wenzao. Vioo hivyo havikuwepo. Ukurasa wa intaneti ukiufungua haujipaki rangi mpya. Seli za neva za ubongo wetu, bilioni 86 hivi, huijenga kumbukumbu upya kila tunapoikumbuka. Kwa hiyo nilikaa kuandika niseme hapana, ulinganisho huu utupwe.

Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Chile iliamuru kampuni moja ifute data za ubongo za aliyekuwa seneta Guido Girardi, zilizokusanywa kwa kifaa cha kuvaa kichwani. Hapo nimesita. Data hizo zikishatoka kichwani zinaweza kunakiliwa na kuuzwa kama chochote kilichomo mtandaoni, na mwenyewe anahitaji haki ya kudai zifutwe. Kwa hilo, na kwa hilo tu, naukubali ulinganisho wenu, hata kama nimeanza kwa kuukataa.

Kizimbani bado siukubali. Shahidi aulizwe kwanza alizungumza na nani, na alisikia nini kabla ya kuja. Mimi hakuna aliyeniuliza.