Rimoti ya kamera ya bei poa: anza na tundu, bei baadaye

Kwenye picha za familia yetu, kwa miaka mingi, mimi ndiye yule mwenye mguu mmoja hewani. Wenzangu wamekaa mkekani, bibi katikati, kanzu zimenyooka, watoto wametulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, halafu pembeni kuna mtu anaingia mbio kama amekurupushwa na nyuki. Ndiyo kazi ya taima ya sekunde 10 hiyo. Unabonyeza, unakimbia, unakanyaga viatu vya watu, na ukifika bibi keshageuka: "We mjukuu wangu, wakimbia nini?" Picha inapigwa bibi akiwa kisogo.

Idi moja pale Tanga nikasema basi, nanunua rimoti. Nilidhani ni jambo la kuingia dukani na kutoka. Nikaishia kununua tatu ndipo nikapata inayofaa, na zote zilikuwa za bei ya chini. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyalipia.

Kwanza tuondoe hofu moja, kwamba rimoti ya bei rahisi itaharibu picha. Haiwezi. Rimoti haiijui picha yako kabisa. Mimi natumia Canon 600D niliyoinunua mkononi mwa mtu. Ubavuni, chini ya kifuniko cha mpira, ina tundu la milimita 2.5, dogo kuliko lile la visikizi vya simu. Pini inayoingia humo ina sehemu tatu: ncha, pete na shina. Pete ikigusana na shina, kamera inatafuta fokasi. Ncha ikigusana na shina, picha inapigwa. Basi. Fundi simu mmoja wa mtaani kwetu alinionyesha kwa kugusisha nyaya mbili tupu, kamera ikalia "chwak", nikabaki nimeduwaa na risiti mbili mfukoni. Ni swichi tu, kama ya taa ya sebuleni. Unalipia namna swichi ile inavyokufikia pale uliposimama, na hapo ndipo rahisi na rahisi zinapotofautiana.

Ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya infraredi, ile ya kufanya kazi kama rimoti ya televisheni. Shilingi elfu kumi na tano, nyembamba, betri yake ya duara kama kifungo. Nyumbani usiku ilifanya kazi vizuri mno, nikawa nawapiga watoto picha wakila bila wao kujua. Siku ya Idi yenyewe, saa saba mchana, nje, jua la Tanga mnalijua, nikasimama mita sita hivi nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Baba mdogo akaanza kutoa ushauri, na baba mdogo hajawahi kushika kamera. Nilipoinama nikasogea hadi karibu na kamera, ikakubali. Picha nzuri ya familia, mimi nimechuchumaa mbele kama golikipa.

Sababu niliijua baadaye. Jua nalo limejaa mwanga huohuo usioonekana wa infraredi, kwa hiyo jicho la kamera linalopokea rimoti linazidiwa na kile kimulimuli cha rimoti hakisikiki. Tena Canon wenyewe, kwenye rimoti yao halisi ya RC-6, wanataja umbali wa mita 5 tu. Na jicho lenyewe kwenye 600D liko mbele, kwenye mshikio. Ukisimama nyuma ya kamera, au pembeni sana, unaongea na mtu aliyekupa mgongo. Halafu hakikisha kamera umeiweka kwenye modi ya taima na rimoti, la sivyo utabonyeza hadi betri ife. Wenye Nikon nao wana mtihani wao: kamera zinazopokea ML-L3, rimoti yao ya infraredi, husubiri rimoti kwa dakika moja tu kabla ya kukata tamaa, mpaka uingie kwenye menyu ukaiongezee muda. Dakika moja ya kuwapanga shangazi wanne! Haitoshi hata kidogo.

Sisemi infraredi ni mbovu. Kama unapiga picha ndani, au unajipiga mwenyewe chumbani kwa ajili ya biashara yako ya nguo, nunua hiyo na usiumize kichwa. Ila hakikisha kamera yako ina jicho. Nimeona watu wananunua kwa ajili ya 1200D na 1300D, na hizo hazina jicho la infraredi kabisa.

Ya pili ndiyo inayoniuma. Nilishaamua nataka ya mawimbi ya redio, kwa sababu redio haijali jua wala haijali umesimama upande gani. Zinakuja mbili: moja unashika mkononi, nyingine inakaa juu ya kamera na kuchomekwa kwa waya. Nikaingia duka moja Kariakoo, nikauliza ya Canon, muuzaji akanipa boksi limeandikwa Canon kwa herufi kubwa. "Ni hizihizi kaka, zinaingia zote." Elfu arobaini. Nafika nyumbani, pini ni nene, ya duara, ina vijino vitatu. Haikaribii hata kufanana na tundu langu. Kurudi dukani nikaonyeshwa karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Kumbe Canon wana tundu mbili tofauti. Kamera zao ndogo na za kati, kama 600D, 700D, 1200D, 70D na 80D, zinatumia ile pini ndogo ya milimita 2.5. Kubwa kama 5D, 6D na 7D zinatumia ile ya vijino vitatu, wanaiita N3. Usikisie kwa umri wa kamera wala kwa bei uliyonunulia, maana 50D ni ya N3 na 60D iliyoifuata ni ya pini ndogo. Nikon vilevile: D3200, D5300, D7100 na D750 wana tundu dogo bapa, wakati D700, D800 na D850 wana lile la duara la pini 10. Sony a6000 na A7 II wanatumia tundu linalofanana na la kuchajia simu za zamani. Na zipo kamera za bei ya chini zisizo na tundu lolote la rimoti, hizo hata ufanyeje.

Kwa hiyo siku ya kwenda dukani, nenda na kamera. Fungua kile kifuniko cha mpira mbele ya muuzaji, chomeka, bonyeza, sikia mlio. Akikataa kufungua boksi, maduka yako mengi.

Ya tatu, ninayoitumia mpaka leo, ni Yongnuo RF-603. Ni ya muda mrefu na bado utaikuta mitumba kwa watu wa picha za harusi, ndiko nilikoitoa mimi. Nimeipendea vitu viwili. Kimoja, kila kidude kati ya viwili kinaweza kutuma na kupokea, kwa hiyo huhangaiki kipi ni kipi, na vinawasha hata flashi iliyo mbali na kamera. Cha pili ni waya: unachomoka pande zote mbili. Herufi kwenye boksi zinakuambia waya upi umo ndani. C1 ni ile Canon ya pini ndogo, C3 ni N3, N1 ni Nikon ya pini 10, N3 ni Nikon ya tundu bapa. (Ndiyo, N3 ya Nikon siyo N3 ya Canon. Aliyepanga majina haya hakututakia mema.) Ukibadilisha kamera kesho, unanunua waya tu.

Waya kuchomoka ni jambo ninalolisisitiza kuliko chapa. Kwenye rimoti hizi kinachokufa kwanza ni waya, pale unapopindia karibu na pini. Kama umegandishwa kwenye kidude, umekufa na rimoti yake.

Umbali ulioandikwa kwenye boksi usikusumbue. Wanaandika mita 100, nani anapiga picha ya familia akiwa mita 100? Kinachofaa kuulizwa ni betri. Yangu inakula AAA mbilimbili, unazipata duka lolote la mtaani hata saa tatu usiku. Kuna nyingine kidude chake cha mkononi kinatumia ile betri fupi ya volti 12, ya rimoti za alamu ya gari. Zipo mjini, ila jaribu kuitafuta Pangani siku ya sikukuu. Na ukimaliza zima kile kilicho juu ya kamera, maana kinaendelea kusubiri na kunyonya betri humo begini.

Kabla hujatoa hela hata hivyo, jiulize unaitakia nini. Kama shida yako ni kamera kutikisika ukiwa umeiweka kwenye stendi, taima ya sekunde 2 inatosha, na tayari umeilipia. Kama kamera yako ina Wi-Fi, jaribu programu ya simu ya kampuni yenyewe, Camera Connect kwa Canon au SnapBridge kwa Nikon. Ni ya bure na unajiona kabla ya kupiga, ingawa inamaliza betri ya kamera, na kila picha utaonekana umeshika simu. Rimoti inakulipa kwa mambo mawili: wewe kuwemo kwenye picha kwa utulivu, na picha za usiku zinazozidi sekunde 30, pale kamera inapotaka uishikilie wazi kwa kidole. Kwa hizo tafuta kitufe kinachoweza kujifunga kikabaki kimebonyezwa.

Nikiwa na familia siku hizi napata fokasi kwenye uso wa bibi, naihamisha lenzi kwenye MF (fokasi ya mkono) ili kamera isianze kutafuta tena kila nikibonyeza, nafunika kitundu cha kuchungulia ili mwanga wa nyuma usipotoshe vipimo (kamba ya shingoni ya Canon ina kifuniko chake cha mpira, wengi hawajui kazi yake), kisha naenda kukaa. Rimoti naifichia chini ya mkunjo wa kanzu. Napiga kumi, kumi na tano, katikati ya maongezi. Bibi hajajua bado ni lini hasa picha inapigwa, na kila mara ananiuliza kama tumeshaanza.